Siku Niliyosimama Mbele ya Kamera Kawangware

Nyinyi mliobaki katika chumba cha sauti mliniomba niwaachie maandishi kabla sijarudisha funguo. Nadhani mlitaka orodha ya mashine na namna ya kuzitunza. Orodha hiyo imebandikwa nyuma ya mlango wa stoo tangu zamani, na sikumwona mtu akiisoma nilipokuwepo, kwa hiyo sitaiandika mara ya pili. Nitawaeleza kuhusu filamu moja ya mwanafunzi, ya dakika kumi na mbili, tuliyoitengeneza Kibera na Kawangware katikati ya miaka ya tisini. Nimefanya kazi katika filamu nyingi ndefu kuliko hiyo. Nyingi nimezisahau.

Lakini lazima nianze mbali kidogo.

Nina kigugumizi. Mnajua, maana wote mmewahi kunimalizia sentensi, mara nyingi vibaya. Nilipokuwa darasa la saba huko Machakos, shule yetu ilitayarisha mchezo wa kuigiza, na mimi nilitaka kuwa ndani yake kuliko nilivyotaka kitu chochote hapo awali. Niliyajua maneno ya kila mhusika, ya wavulana na ya wasichana. Nikiwa malishoni na mbuzi yalitoka yote, moja baada ya jingine, bila kukwama. Siku ya kuchaguliwa nilisimama mbele ya darasa na neno la kwanza likakataa. Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Alingoja kiasi, akaangalia saa yake, kisha akaniambia nitasaidia na pazia. Nililivuta pazia hilo muhula mzima. Sijui kama kuna pazia lililowahi kufunguliwa na kufungwa kwa wakati kama lile, kwa sababu aliyelivuta alikuwa anayasema maneno yote moyoni.

Nilipomaliza shule nilikuja Nairobi kukaa kwa mjomba wangu Kawangware, kwenye kitongoji kiitwacho Kongo. Nikapata kazi ya tarishi katika chuo kimoja cha kufundisha utengenezaji wa filamu. Nilibeba barua, nilifagia, nilipeleka chai. Siku moja mtu wa sauti, Mzee Okelo, alikosa msaidizi, akanikuta kwenye korido na sinia mkononi. Alinipa ufito mrefu wenye maikrofoni kwenye ncha, akanionyesha namna ya kuushika juu ya vichwa vya waigizaji bila kivuli chake kuonekana, akaniambia nisishushe mikono mpaka aniambie. Hakuniambia kwa muda mrefu sana. Jioni sikuweza kujifunga vifungo vya shati.

Kabla hatujaondoka alinivika hedifoni zake. Nilisikia kalamu ikianguka chumba cha pili. Nilisikia mwigizaji mmoja akivuta pumzi kabla ya kusema, na nikajua kutokana na pumzi hiyo kwamba atakosea. Okelo akaniuliza kama ninaweza kukaa kimya kwa dakika kumi mfululizo. Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema hilo ndilo jibu zuri kuliko yote aliyopata kwa wasaidizi wake, akamwambia mkuu wa chuo atafute tarishi mwingine.

Mzee Okelo alinifundisha kila kitu nilichokuja kuwafundisha nyinyi. Kukunja waya kwa mzunguko wake, si kwa kiwiko. Kubadilisha betri kabla hazijaisha. Kuwaomba watu wote wasimame bila kusogea baada ya kila onyesho, ili urekodi ukimya wa chumba hicho, kwa kuwa ukimya wa nyumba ya mabati si ukimya wa nyumba ya mawe, na mhariri akikosa kipande cha ukimya unaofaa, filamu nzima itasikika imetoboka. Alipostaafu aliniachia hedifoni zake na wanafunzi wake. Hedifoni hazikunisumbua.

Awino alikuja chuoni miaka michache baadaye. Alikuwa msichana mwembamba mwenye kutembea haraka, aliyezaliwa na kulelewa Kibera, kijiji cha Soweto East, wazazi wake wakiwa wametoka upande wa ziwa. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza asiyewahi kunimalizia sentensi. Aliniambia baadaye kwamba babu yake alikuwa kama mimi, na kwao ilikuwa adabu mbaya kumharakisha.

Filamu yake ya mwisho ya chuo ilihusu mwanamke anayeitwa Selina, fundi wa nguo, anayelishonea kundi la maigizo la kanisa kanzu za mchezo wa Pasaka. Selina anatamani kuigiza. Kila mwaka anashona, kila mwaka anakaa nyuma na uzi mdomoni akiyasema maneno pamoja nao bila sauti. Mwaka huo anajipa moyo, anamwomba kaka yake, mzee wa kanisa anayeongoza mchezo, ampe hata nafasi ndogo. Kaka anakataa. Hapo filamu inamwonyesha Selina akiwa peke yake chumbani, amevaa kanzu aliyoshona, akiigiza mchezo mzima mbele ya cherehani. Ni hayo tu.

Nilipoisoma karatasi yake nilikaa nayo mezani hadi chai ikapoa. Sikumwambia kwa nini. Nilimwandikia pembeni kwamba cherehani ya kukanyaga ina kelele, itafunika maneno, apange jambo hilo mapema. Alinijibu kwamba amepanga: mimi nitakuwa mtu wake wa sauti. Wanafunzi waliruhusiwa kumwomba mwalimu mmoja asaidie, na wengi waliomba wa kamera.

Alitafuta mwigizaji wa Selina kwa majuma mawili. Wasichana kadhaa wa maigizo walikuja kutoka mjini wakiwa wamependeza, wakajaribu kwenye chumba cha mama yake Awino. Nilikuwepo siku ya mmoja wao. Alishika sindano kama mtu anayeshika kidudu. Wakati huohuo jirani yao, Mama Rispa, ambaye ni fundi wa kweli, aliingia kuleta kanzu aliyokuwa ameombwa aishone kwa ajili ya filamu. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mpana, mpole, na futi ya kupimia shingoni. Alimtazama yule msichana, akashindwa kuvumilia.

"Hivyo utajidunga," alisema. "Leta nikuonyeshe."

Akakaa. Akatunga uzi. Akiwa bado anaangalia tundu la sindano akaanza kuyasema maneno ya Selina, yale anayomwambia kaka yake, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya chini ya mtu anayeomba kitu akijua atanyimwa.  Awino akamuuliza ameyajulia wapi.

"Si mmekuwa mkiyasema hapa majuma mawili," Mama Rispa alijibu. "Huo ukuta ni mbao na magazeti. Mimi nashona tu huku nikisikia." Kisha akaona tunamkodolea macho, akaanza kuinuka. "Pole. Sikutaka kuingilia kazi yenu."

Awino alimzuia asiondoke. Yule msichana wa mjini, namheshimu hadi leo, alimpa karatasi na kuchukua mkoba wake mwenyewe.

Siku tatu za kwanza tulikuwa chumbani kwa Mama Rispa. Nitawaambia ukweli kuhusu kurekodi sauti Kibera: hakuna mahali pagumu zaidi, na hakuna mahali panapokufundisha haraka zaidi. Kulikuwa na redio ya kila nyumba, fundi wa masufuria aliyegonga bati mita chache kutoka mlangoni, gari moshi lililopita chini na kutikisa vikombe. Nilienda nyumba kwa nyumba nikiwa na karatasi niliyoandika, NAOMBA UKIMYA DAKIKA TANO, nikiinyanyua mbele ya kila mtu. Ilifanya kazi kuliko mdomo wangu ungefanya. Fundi wa masufuria aliisoma, akauliza ni dakika tano za saa ya nani, akaweka nyundo chini na kuja kutazama.

Shida ilikuwa kwamba Mama Rispa, mbele ya kamera, alikauka. Kariuki, mwanafunzi wa kamera, alikuwa akimwambia apumzike, na kila alipoambiwa apumzike alizidi kuwa mbao. Niliondoa ule ufito wa maikrofoni juu ya kichwa chake. Nikachukua maikrofoni ndogo, nikaificha katikati ya vitambaa vilivyokunjwa mezani. Nikamwonyesha kwa mikono akanyage cherehani tu, ashone kitu cha mteja wake wa kweli, asahau habari zetu. Alishona mfuko wa mto. Baada ya muda, bila mtu kumwambia, aliinua mguu, cherehani ikanyamaza, akasema mstari wake, akarudisha mguu. Tangu hapo hakukosea. Kila alipotaka kusema aliinua mguu. Miaka yangu yote sikupata mwigizaji aliyenipangia sauti vizuri kama yule.

Wakati wa chakula aliniambia kwamba akiwa msichana huko kwao, kabla ya kuolewa, aliwahi kuimba peke yake mbele ya watu mara moja, ubeti mmoja, kwa sababu mwenye zamu alikuwa mgonjwa. Wiki iliyofuata mgonjwa alipona. "Bado naukumbuka huo ubeti," alisema, akaendelea kula. Mimi nikamweleza habari ya pazia. Ilichukua muda kumweleza, naye hakuwa na haraka.

Siku ya nne tulihamia Kawangware 46, panapoitwa hivyo kwa namba ya matatu zinazoishia hapo, katika kanisa la mbao na mabati ambalo mke wangu, Kasiva, alikuwa katika umoja wake wa akina mama. Ndiye aliyetuombea ruhusa. Hapo ndipo kaka angekuja mlangoni amkute Selina akimalizia pindo la kanzu, amkatalie. Kaka alikuwa aigizwe na seremala mmoja wa Kibera mwenye sauti kama ngoma. Saa nne hakuwa amefika. Saa tano akaja mtu kutuambia kwamba seremala ameitwa kibarua alfajiri, kazi ya mwezi mzima, na asingeweza kuikataa. Hakuna aliyemlaumu.

Kamera ilitakiwa irudi chuoni jioni ile, kundi jingine lilikuwa linaingoja. Filamu tupu iliyobaki ndani yake ilikuwa ya dakika nne tu. Kwa nyinyi mnaorekodi na kufuta mpendavyo, nieleweni: ikishapita imepita, na stoo ilikuwa haina nyingine. Onyesho lenyewe liliandikwa kuwa la dakika moja.

Awino alizunguka kanisa mara mbili. Kisha akaja kusimama mbele yangu.

"Mwalimu, ingia wewe."

Nilifikiri anatania. Nikamwonyesha mdomo wangu.

"Najua," alisema. "Maneno si mengi. Unayajua kuliko seremala."

Hilo lilikuwa kweli. Niliyajua yote, ya kaka na ya Selina. Nikamwambia hakuna wa kushika sauti. Akasema Wambui atashika, msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuja kutusaidia kubeba. Nikamwambia dakika nne hazitatosha mtu kama mimi. Akasema zitatosha au hazitatosha. Mama Rispa alikuwa amekaa kwenye benchi na kanzu mapajani, akitusikiliza.  Alisogea kidogo tu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi.

Nilimvika Wambui hedifoni za Mzee Okelo. Nilimwekea kiwango cha sauti kwa mkono wangu, nikamwonyesha mshale wa mashine ya kurekodi usifike kwenye nyekundu. Kasiva, aliyekuwa ameleta uji kwa wanafunzi, alinitazama nikivua sweta na kuvaa koti la kuazima lililokuwa limeandaliwa kwa seremala. Niliona ameelewa. Aliweka birika chini taratibu sana, akatoka nje akafunga mlango wa nyuma ili usibamizwe na upepo. Baadaye nilisikia alikuwa ameenda moja kwa moja kuwaambia wenzake wa umoja.

Awino alimwambia Kariuki aiweke kamera kwa Mama Rispa, na nikianza kusema tu, aigeuze polepole kunielekea. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya mlango. Mikono yangu ilikuwa inanuka koti la mtu mwingine. Nilikuwa na umri wa kuwa na watoto wa shule ya upili, na moyo wangu ulikuwa ule wa darasa la saba.

Nilisikia kibao cha kuanzishia onyesho kikigongwa. Nikafungua mlango, nikaingia hatua mbili. Maneno yangu yalikuwa haya: "Selina, dada yangu. Sauti yako haitoshi ukumbi. Wewe tushonee. Watu wataiona kazi yako kwenye nguo."

Neno la kwanza lilikataa. Jina la Selina lilinikwama kwenye meno na halikusogea. Nilisikia kamera ikinguruma, kila mzunguko wake ukila kile kidogo kilichobaki, nikajua Kariuki hatageuza kwa sababu sijasema. Sijui ilikuwa muda gani. Nilimtazama Mama Rispa kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kutazama. Alikuwa ameacha sindano, ameinua uso, ananitazama. Katika karatasi haikuandikwa hivyo. Iliandikwa kwamba haonyeshi chochote. Lakini alikuwa akinitazama kama mtu anayejua unachokuja kumwambia, na kwamba kitamuumiza, na bado anataka ufike.

Nikafika. Jina likatoka, halafu dada yangu, halafu mengine, moja moja, kila moja likivutwa. Kamera ikanigeukia. Nilimnyima nafasi. Nilimwambia mtu mwingine yale niliyoambiwa mimi, na nilipofika kwenye neno la mwisho machozi yalikuwa yananitoka, jambo ambalo pia halikuandikwa.

Mama Rispa alikuwa na jibu moja tu. "Sawa," alisema.

Alilisema kwa upole kiasi kwamba ungedhani mimi ndiye niliyenyimwa. Filamu iliisha ndani ya kamera sekunde chache baadaye, tukasikia mkia wake ukipigapiga. Hakuna aliyesogea. Wambui, peke yake, bila kuambiwa, alinyanyua mkono akatuomba tusitikisike, akarekodi ukimya wa chumba. Nilijua pale kwamba atakuwa mtu wa sauti.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyekunywa. Kwa wiki tatu, filamu ikiwa bado inasafishwa, nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo, na sikumwambia mtu. Kasiva aliniuliza mara moja kama itaonyeshwa kanisani. Nikasema itaonyeshwa. Akasema yeye atakaa mbele.

Kisha tukaketi kwenye meza ya kuhariri, Awino na mimi. Zamani kuhariri kulikuwa kazi ya wembe na selotepu. Unakata kipande, unakiunganisha, vingine unavitundika kwenye msumari juu ya pipa lililotandikwa kitambaa. Alipanga filamu yote, tukaitazama. Tukaitazama tena. Ilikuwa nzuri. Mara ya tatu niliacha kutazama uso wangu, nikatazama kazi, ndiyo kazi niliyokuwa nimeajiriwa kuifanya.

Filamu ilikuwa ya Selina mpaka mlango ulipofunguka. Baada ya hapo ilikuwa ya yule mwanamume. Mtu yeyote angemwonea huruma, angetaka kujua amepatwa na nini, kwa nini analia, na Selina alipokuja kuvaa kanzu yake na kuigiza peke yake mwishoni, dakika zile tulizozipata kwa shida Kibera, mtazamaji angekuwa bado amebaki mlangoni na mimi. Nilikuwa nimemwibia filamu yake. Sikukusudia, lakini niliiba.

Nilimwambia Awino. Hakukubali.

"Hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, Mwalimu."

"Ndiyo," nilisema. "N-ndiyo shida yake."

"Nisipokuonyesha watu watajuaje kwamba amekataliwa?"

Nilirudisha filamu nyuma mpaka kwenye uso wa Mama Rispa. Kwa sababu nilikwama, kamera ilikuwa imebaki kwake muda mrefu ambao hakuna mwanafunzi angethubutu kuupanga. Mlango unafunguka, mwanga unamwangukia. Anaacha sindano. Anamtazama mtu, anangoja, na usoni unaona kwanza tumaini, halafu unaliona likiondoka taratibu, halafu unaona anamsamehe. Nikasimamisha hapo. Nikaweka kidole pale ambapo kamera inaanza kugeuka.

 Awino ndiye aliyekuwa na jicho kali kuliko wanafunzi wote niliowafundisha, na jicho kali haliwezi kujidanganya kwa muda mrefu. Aliuchukua wembe, akauweka juu ya kidole changu karibu unikate. Kisha akauweka chini.

"Mimi siwezi, Mwalimu. Kata wewe."

Nilikata. Nilichukua "Sawa" ya Mama Rispa, ile sauti tu, nikaiweka juu ya uso wake bila maneno yangu kutangulia, na baada yake ukimya alioutunza Wambui. Ikashikana bila mshono. Kipande changu nilikitundika kwenye msumari pamoja na vingine, na mwisho wa muhula pipa lilimwagwa kama kawaida. Ningeweza kukitoa. Nilisimama mbele ya pipa asubuhi ile, nikaenda darasani.

Filamu ilionyeshwa kanisani Kawangware 46 Jumapili moja mchana, baada ya ibada, mablanketi yakiwa yametundikwa madirishani. Watu wa Kibera walikuja kwa miguu na Mama Rispa, walimsindikiza kama bibi harusi. Kasiva alikaa mstari wa mbele na akina mama wa umoja, saba au wanane. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye mashine. Nilikuwa na siku nyingi za kumwambia kwamba simo, na sikumwambia.

Mlango ulipofunguka kwenye filamu, na mwanga ukamwangukia Mama Rispa, niliona vichwa vyote vya mstari wa mbele vikiinuka pamoja. Kasiva alimshika mwenzake mkono. Mama Rispa aliacha sindano, akainua uso, akatazama. Kanisa zima lilimtazama akitazama. Hakuna aliyejua anamtazama nani isipokuwa watu wachache, na mimi nikiwa mmoja wao. Kisha "Sawa." Kisha chumba chake Kibera. Kichwa cha Kasiva kilibaki kimeinuka mpaka mwisho, kikingoja mlango mwingine.

Watu walisimama kumpigia Mama Rispa makofi. Alijifunika uso kwa leso, halafu akaishusha leso, akawaacha wamtazame.

Tulitembea kwenda nyumbani. Kasiva aliweka chakula, akakaa.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza.

Nikamwambia nilikatwa.

"Nani alikukata?"

"Mimi."

"Nilikuwa nimewaambia ni wewe utakayeingia," alisema. "Kila mlango ukifunguka." Hakusema kwa lawama. Kisha akaniomba nimwambie, basi, nilisema nini pale mlangoni, yeye peke yake asikie. Nikamjibu kwamba nimesahau. Sikuwa nimesahau. Niliona aibu, si ya kigugumizi, alikuwa amekizoea tangu tulipoonana, bali ya kutaka. Nilikuwa mtu mzima, na nilikuwa ninataka jambo lile bado. Hakuniuliza tena.

Filamu ya Awino ilimpatia kazi, na amefanya nyingi tangu hapo. Mnamjua, sina haja ya kueleza. Wambui mnamjua zaidi, ndiye mkuu wenu. Mama Rispa alijiunga na kundi lililokuwa likizunguka mitaani na michezo ya kufundisha mambo ya afya, akaigiza miaka kadhaa, mama mkwe, muuguzi, mara moja chifu, kabla ya kurudi kwao upande wa ziwa. Mimi niliendelea kushika maikrofoni juu ya vichwa vya watu wengine. Ilikuwa kazi nzuri. Msije mkasema nilisema vingine. Lakini hakuna onyesho nililorekodi, katika miaka yote hiyo, ambalo sikuyasema maneno yake ndani ya mdomo uliofungwa.

Sasa nipo nyumbani, funguo zenu bado ninazo. Juma la pili baada ya kustaafu, mchana, Kasiva alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilisimama katikati ya chumba nikamwambia nimekumbuka. Hakuniuliza nimekumbuka nini. Nikasema yote, kuanzia jina la Selina, na yalikuwa magumu kuliko siku ile, maana sasa nina pengo la meno pia. Alisikiliza mpaka neno la mwisho, vidole vikiwa juu ya maharagwe.

"Maskini huyo mwanamume," alisema.

Nikajua nilikata vizuri. Nilikuwa tayari kukaa chini.

"Usikae," Kasiva akasema, akasogeza ungo pembeni. "Rudia."